Rimu Kuingia Kwenye Nati si Kufaa Gari

Kikundi kimoja katika eneo la Butula kilinunua pikapu kuukuu aina ya Toyota Hilux, ile ya foo-wili, ili kubeba mihogo ya wanachama na kukodishwa siku za soko. Pesa zilitoka kwa michango ya kila Jumanne na mauzo ya msimu mzima. Sisi tulikuwepo siku ilipofika, akina mama wakapiga vigelegele mpaka dereva akaogopa kuzima injini. Miezi mitatu baadaye tuliitwa tena, safari hii kwa sababu kikao kilikuwa kimegeuka kesi. Beringi za magurudumu ya mbele zilikuwa zimekufa mara mbili. Usukani ulikuwa unampiga dereva mikono kila akiingia kwenye shimo. Tairi la kushoto lilikuwa limekatwa na madigadi. Wengine walisema dereva anaendesha vibaya, wengine walisema mweka hazina alinunua beringi za bandia akala tofauti.

Kumbe hakuna aliyeiba. Kosa lilikuwa kwenye rimu. Vijana walikuwa wameshauri kikundi kibadilishe rimu nyembamba zilizokuja na gari, kiweke pana, eti ndizo hazizami kwenye matope. Muuzaji aliingiza rimu moja kwenye nati, akaizungusha, akasema, "Mama, si unaona imeingia?" Na ni kweli iliingia. Ila hakuna aliyepima upande wa nyuma.

Tumeona shida kama hii kwa zaidi ya kikundi kimoja, ndiyo maana tunaandika. Jambo lenyewe mafundi huliita bekspesi. Sisi tutaliita kina cha nyuma, maana ndicho kitu chenyewe.

Chukua rimu bila tairi, ilaze chini juu ya gunia, uso wake ukitazama ardhi na mgongo ukitazama juu. Weka ubao ulionyooka ukatize juu ya rimu, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Sasa teremsha tepu au rula kutoka chini ya ubao mpaka pale penye matundu ya studi, yaani sehemu ile bapa inayokaa kwenye habu. Kipimo hicho ndicho kina cha nyuma. Kinakuambia ni kiasi gani cha rimu kitaingia ndani ya gari, kuelekea kwenye springi na breki. Kinachobaki kitatokeza nje. Ukipima rimu ikiwa na tairi, ubao utakaa juu ya tumbo la tairi badala ya ukingo wa rimu, na utapata namba kubwa kuliko ukweli. Wengi huanguka hapo.

Kitu kingine cha kujua ni upana. Rimu ikiandikwa inchi 6, hiyo inchi 6 hupimwa ndani, pale tairi linapokalia. Kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje ni kama inchi 7, kwa sababu kila upande una ukingo wa karibu nusu inchi. Kwa hiyo ukitaka kufanya hesabu, ongeza inchi moja kwanza.

Sasa tufanye hesabu ya ile Hilux, tulivyoipima pamoja na kikundi chini ya mwembe. Rimu za zamani zilikuwa za inchi 6, yaani inchi 7 ukingo kwa ukingo, na kina cha nyuma inchi 4 na nusu. Toa 4 na nusu kutoka 7, unabaki na inchi 2 na nusu zinazotokeza nje ya habu. Rimu mpya zilikuwa za inchi 8, yaani 9 ukingo kwa ukingo, na kina cha nyuma inchi 3 na nusu tu. Toa, unapata inchi 5 na nusu nje. Gurudumu lilikuwa limetokeza inchi 3 zaidi ya zamani, karibu sentimita 8, kila upande! Katibu alirudia hesabu hiyo mara mbili kwa kijiti mchangani, kisha akanyamaza.

Hizo inchi 3 zina ubaya gani? Fikiri mtu anayebeba ndoo ya maji. Akiishika karibu na mwili, anafika nyumbani. Akinyoosha mkono, ndoo ileile, maji yaleyale, bega linalia kabla ya kuvuka uwanja. Uzito haujaongezeka, umesogea mbali tu. Ndani ya habu ya mbele ya pikapu kama hiyo mna beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Waliotengeneza gari walipanga uzito ushuke katikati yao, zaidi kwa ile kubwa. Kwa hesabu yetu, katikati ya gurudumu ilisogea nje inchi 2. Uzito ukasogea nayo, ukaiangukia beringi ndogo. Ukiongeza magunia ya mihogo na barabara yetu ya marramu, beringi ndogo haina ujanja. Studi nazo huvutwa kuliko zilivyokusudiwa. Kwa hiyo mweka hazina alikuwa amenunua beringi halali, na zingekufa hata zingetoka kiwandani jana.

Usukani nao una sababu yake. Gurudumu la mbele hugeuka kwenye mhimili wake, na linapokuwa mbali na mhimili huo, kila jiwe linalopiga tairi hupata mkono mrefu wa kuvuta usukani. Dereva wa gari hili alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole gumba. Tukamwuliza, akasema usukani ulimpiga alipoingia kwenye mfereji karibu na Bumala. Na yeye ndiye alikuwa anasemwa kikaoni!

Msifikiri basi kwamba kina kikubwa ndicho salama siku zote. Kikizidi, gurudumu huingia ndani mno. Tairi linaweza kusugua springi, au tairodi, au paipu ya breki, hasa usukani ukikatwa hadi mwisho. Paipu ya breki ikisuguliwa haikuambii kitu mpaka siku inapopasuka kwenye mteremko. Kama mngependa rimu ya inchi 8 kwenye gari lile, yenye kina cha inchi 5 na nusu ingeweka uzito palepale pa zamani, kwa sababu ingeongeza inchi moja nje na inchi moja ndani. Lakini lazima kwanza muone kama hiyo inchi ya ndani ipo. Pengine haipo, na hapo jibu ni kubaki na rimu nyembamba zaidi.

Hapa vijana huuliza, na ni swali zuri: mbona magari ya Rhino Charge yana magurudumu yametokeza nje, na bado yanapanda majabali? Mashindano hayo yapo Kenya tangu 1989, na hukusanya pesa za kuhifadhi misitu na wanyama. Ni kweli, kina kidogo kina faida zake. Gari hupata mguu mpana na haliyumbi upesi, na tairi pana hupata nafasi bila kugusa springi. Lakini magari yale hushindana siku moja, kisha hufunguliwa na mafundi na vyombo hubadilishwa. Pikapu yenu itabeba mihogo Jumatatu, mchanga Jumanne, mgonjwa usiku wa Jumatano. Mkiiga magurudumu, igeni na karakana yake.

Sokoni

Mkienda kununua rimu, iwe Busia, Malaba au mmeagiza Kampala, bebeni rimu moja ya zamani. Hata kwa bodaboda inabebeka. Ilazeni kando ya ile mpya na mpime zote mbili kwa ubao uleule. Muuzaji akikasirika, hiyo nayo ni habari.

Matundu ya studi yapime pia, lakini yasiwadanganye. Hilux na Nissan Patrol, kwa mfano, nyingi zina matundu 6, na kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile la mkabala ni milimita 139.7 kwa zote mbili. Ndiyo maana "imeingia." Hata hivyo tundu la katikati ya Hilux ni kama milimita 106, na la Patrol ni kama 110, na kina cha nyuma kinaweza kuwa tofauti kabisa. Kama rimu zina matundu 5 hakuna tundu la mkabala la kupimia, kwa hiyo linganisheni moja kwa moja na ile mliyobeba.

Rimu nyingi za Japani na Ulaya zimeandikwa ET30 au +30 mahali fulani. Hiyo ni milimita ambazo sehemu ya kukalia habu imesogea kutoka katikati ya rimu kuelekea nje. Namba ikikua, rimu huingia ndani zaidi. Ikiwa na alama ya kutoa, hutokeza nje zaidi. Mkitaka kina cha nyuma, chukueni nusu ya upana wa ukingo kwa ukingo mwongeze namba hiyo. Rimu ya inchi 7 ni inchi 8 ukingo kwa ukingo, nusu yake inchi 4, yaani milimita 102 hivi. Ongeza 30, ni milimita 132, kama inchi 5 na robo.

Kuna njia mbili za mkato ambazo tunaomba mzikatae. Moja ni spesa, yale mabamba yanayowekwa kati ya rimu na habu. Spesa ya inchi moja ni sawa na kupunguza kina cha nyuma inchi moja, na shida ni zilezile tulizosema. Ya pili ni rimu iliyokatwa katikati na kuchomelewa upya ili ikae nje. Tunawaheshimu mafundi wetu wa jua kali, wanatengeneza majiko na mikokoteni ambayo sisi hatuwezi. Lakini gurudumu la mbele lenye watu nyuma si mahali pa kujaribia uchomeleaji.

Kabla ya kulipa, ombeni rimu zifungwe zikiwa na tairi mtakalotumia, maana tairi pana huvimba kuliko rimu. Gari liinuliwe kwa jeki, usukani ukatwe kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, mtu akichungulia kwa tochi. Kati ya tairi na springi, tairodi au paipu pawe na nusu inchi angalau, na kwa matope yetu ya masika heri zaidi. Halafu lishushwe, lipakiwe mzigo, gurudumu moja la mbele lipandishwe kwenye tuta, mwone kama linafika kwenye madigadi. Gari tupu halisemi ukweli. Mkishaanza kulitumia, kazeni nati tena baada ya kilomita 80 hivi, na mtu mmoja mwenye jina aandikwe kwamba hiyo ni kazi yake.

Kikundi kile kilitafuta rimu zake za zamani. Tatu zilipatikana kwa yule muuzaji, ya nne ilinunuliwa kwingine baada ya kupimwa na akina mama wenyewe kwa ubao wa dawati. Mweka hazina aliombwa msamaha mbele ya wote na bado anashika vitabu. Zile pana hazijapata mnunuzi. Ziko nyuma ya nyumba yake, na kuku wanataga ndani.