JINA LA MTU SI MALI YA MPITA NJIA

Katika mji wa Karatu, ambako wageni wengi hulala kabla ya kupanda kwenda kreta ya Ngorongoro, habari za dunia hazichelewi kufika. Huletwa na watalii, hupokewa na madereva na waongozaji, na jua linapotua huwa zimekwisha kuenea mabarazani. Miongoni mwa habari za miaka ya karibuni, zile za Mwanamfalme Harry wa Uingereza na mkewe Meghan zimesemwa mno. Wapo wanaowahurumia, wapo wanaowacheka. Sisi hatukusudii kuongeza soga juu ya soga. Twakusudia kuuliza swali moja tu: katika habari hii ya wakubwa wa mbali, limo nini la kumfaa mfugaji wa Ngorongoro, mkulima wa kahawa wa Karatu, na mwananchi wa Visiwani?

Ukiondoa porojo, mambo yanayobaki ni mawili: jina na siri. Harry na Meghan walioana tarehe 19 Mei, 2018, wakapewa cheo cha Sussex. Mwaka uliofuata waliomba kusajili maneno "Sussex Royal" kuwa alama yao ya biashara. Januari 2020 walipotangaza kujiondoa katika kazi za jumba la kifalme, likazuka swali: je, mtu aliyeacha utumishi wa kiti aweza kuuza bidhaa kwa jina la kiti hicho? Jibu lilikuwa hapana, nao wakaiacha alama hiyo.

Yaliyofuata Marekani yana mafunzo zaidi. Mwaka 2024 Meghan alitangaza biashara ya vyakula na vyombo vya nyumbani kwa jina "American Riviera Orchard". Ofisi ya Marekani inayosajili alama za biashara ilikataa kuisajili alama hiyo kama ilivyoombwa, kwa hoja kwamba maneno mawili ya kwanza ni jina ambalo watu huuita mji wa Santa Barbara na pwani yake, na jina la mahali si la kuhodhiwa na mtu mmoja. Mwaka 2025 biashara hiyo ikapewa jina jingine, "As Ever". Msomaji na alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Kuhusu siri, gazeti la Mail on Sunday lilichapisha mwaka 2019 sehemu za barua ambayo Meghan alimwandikia baba yake. Alikwenda mahakamani, akashinda mwaka 2021, na rufani ya gazeti ikatupwa Desemba mwaka huo huo. Fidia ya kuingiliwa siri yake ilikuwa pauni moja tu, lakini haki ilikwisha kutamkwa. Desemba 2023 Harry naye aliwashinda wachapishaji wa gazeti la Mirror, waliopatikana na hatia ya kupata habari zake kwa njia haramu, akalipwa pauni 140,600.

Husemwa kwamba watu hawa hawana haki ya kulia, kwa kuwa wao wenyewe wamesimulia mambo yao katika televisheni na katika kitabu. Hoja hiyo haina uzito. Mtu akikukaribisha sebuleni hajakupa ruhusa ya kufungua sanduku lake chumbani. Aliyesimulia habari zake amechagua la kusema. Aliyechapishiwa barua bila idhini yake hakuchagua kitu.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kwenda Uingereza kulijua hilo. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mapenzi yao yakawa maneno ya mji mzima, na mwaka 1866 binti huyo akalazimika kutoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Walioana Aden mwaka 1867, wakahamia Hamburg, na miaka mitatu baadaye mume akafa katika ajali. Mjane alipodai urithi wake, madai yake yaliingizwa katika siasa za wakubwa: mwaka 1885 aliletwa Unguja na manowari za Kijerumani, huku Bismarck akiangalia faida ya dola yake. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake. Wengine walikuwa wamemsema kwa miaka ishirini, na sasa akajisemea mwenyewe. Jina lake lilikuwa limetumiwa na kila mtu ila yeye.

Sasa tuje Ngorongoro. Mfugaji wa huko hahitaji wakili wa kumweleza maana ya chapa. Ng'ombe wa Kimaasai hutiwa alama masikioni na chapa mwilini, na mwenye kujua huitazama alama akatambua ukoo wa mwenye mali. Anayemtia ng'ombe wa mwenzake chapa yake ni mwizi, na hakuna mzee atakayekaa kikao kirefu kuamua hilo.

Lakini jina lenyewe la Wamaasai limepigwa chapa na wengi. Viko viatu vilivyobuniwa Uswisi na kuuzwa ulimwenguni kwa jina la Masai Barefoot Technology. Kampuni ya Ufaransa, Louis Vuitton, ilitoa mavazi ya wanaume ya msimu wa 2012 yaliyoiga mistari ya shuka. Yako magari, mitandio na mapambo yaliyouzwa kwa jina au kwa sura ya kabila hili. Kwa sababu hiyo baadhi ya wazee na viongozi wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania waliunda chombo cha kudai haki ya jina lao, na baadaye kampuni ndogo ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipa ada ya kutumia mitindo yao. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Uzito wake ni kwamba mwenye jina aliombwa ruhusa.

Hapa ndipo linaporudi lile jina la pwani ya Santa Barbara. Ikiwa ofisi ya Marekani yaweza kumwambia mke wa mwana wa mfalme kwamba jina la mahali si lake peke yake, nani atamwambia hivyo mgeni anayetaka kulihodhi jina la Ngorongoro, Oldeani au Karatu? Kahawa huota katika miteremko ya Oldeani, penye udongo wa volkano na baridi ya nyanda za juu, na mnywaji wa Ulaya hulipia sifa hiyo. Jirani zetu Waethiopia walikwisha kupambana. Mwaka 2007, baada ya mvutano mrefu, kampuni ya Starbucks ilitia saini mkataba unaotambua kwamba majina ya kahawa za Sidamo, Harar na Yirgacheffe ni mali ya Ethiopia. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Maofisa wanajua, lakini wananchi wengi hawajui, kwamba alama iliyosajiliwa Bara kwa BRELA haina nguvu Zanzibar, na iliyosajiliwa Zanzibar kwa BPRA haina nguvu Bara. Mchuuzi wa karafuu wa Pemba na mkulima wa kahawa wa Karatu wako katika mtihani mmoja: kila mmoja ana jina la mahali lenye thamani, na kila mmoja yumo hatarini asipokwenda ofisi zote mbili.

Lipo pia suala la picha. Mgeni afikapo katika boma hupiga picha ya bibi mlangoni pake na ya mtoto mchungaji. Picha hiyo yaweza kwenda katika kalenda au tangazo la hoteli bila mwenye sura kuulizwa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa yeye, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeweka na Tume ya kuisimamia. Sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya wenye majumba peke yao. Mlango wa boma ni mlango kama ulivyo wa jumba la kifalme.

Tunakiri kwamba kazi hii ina ugumu. Wamaasai wako katika nchi mbili, na swali la nani atie saini kwa niaba ya wote halijibiwi kwa siku moja. Tena tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika zoezi lililozua mabishano makali. Hata hivyo, aliyehama amehama na jina lake, na wala halikubaki kreta likingoja mnunuzi.

Kwa hiyo twawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, pande zote mbili za Muungano zishauriane ili majina ya mahali penye mazao ya sifa yalindwe huku na huku. Pili, halmashauri za Karatu na Ngorongoro ziwaite wazee, vyama vya ushirika na wenye hoteli, ziweke utaratibu wa ruhusa na malipo kwa picha za biashara. Tatu, sisi wa magazeti tujifunze kutofautisha habari ambayo umma una haki ya kuijua na siri ambayo umma una hamu tu ya kuisikia.

Harry na Meghan wana mawakili na fedha za kusimama mahakamani miaka mingi. Mchungaji wa Ngorongoro hana. Ndiyo maana yeye anaihitaji sheria kuliko wao, na ndiyo maana maofisa waliokabidhiwa sheria hiyo wanapaswa kumfuata alipo, wasingoje mpaka jina lake liwe limekwisha kusajiliwa na mtu mwingine.