Barabara Nyeupe za Vilima vya Mizabibu

Kati ya miji ya Chalon na Lyon, nchini Ufaransa, mto Saône hushuka polepole kuelekea kusini, na sambamba nao, katika uwanda wa bonde, zimejipanga njia za watu wenye haraka: reli kongwe iendayo Marseille, barabara kuu ya A6, na ile barabara ya taifa ya zamani ambayo malori hayajaacha kuipita. Mwendo mkubwa wa nchi umechukuliwa na bonde hilo, na vilima vilivyo magharibi yake, vya Mâconnais upande wa kaskazini na vya Beaujolais upande wa kusini, vimeachiwa wenyeji wao, mizabibu yao, na wachache wapitao kwa baiskeli. Utulivu wa vilima hivyo haukuletwa na maumbile peke yake. Una sababu zinazojulikana, na mtu azijuaye aweza kuutafuta na kuupata, ilhali asiyezijua aweza kuipita nchi yote hiyo bila ya kusikia ila honi na injini.

Sababu ya kwanza ni barabara zenyewe. Mkulima wa mizabibu hana shamba moja kubwa lililo mbele ya nyumba yake. Aghalabu ana vipande vingi, kimoja chini ya kanisa, kingine ng'ambo ya kijito, kingine ubavuni mwa kilima cha kijiji jirani, na ili avifikie vyote ilipasa tangu zamani ziwepo njia nyembamba za mikokoteni zikipanda na kushuka kila upande. Njia hizo leo zimetiwa lami, lakini hazikupanuliwa wala hazikunyooshwa, na mwenye gari asiye na shughuli ya shamba hana sababu ya kuzipita. Katika ramani za Michelin barabara kubwa hupakwa rangi nyekundu, za wastani rangi ya manjano, na hizi ndogo huachwa nyeupe. Mwendesha baiskeli mzoefu hufunua ramani, akaitenga nyekundu, akaikubali ya manjano pale tu isipokuwapo njia nyingine, na akaiandama nyeupe. Hutazama pia vile vishale vidogo vinavyochorwa juu ya barabara kuonyesha ukali wa mwinuko: kishale kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 au zaidi, viwili ni asilimia 9 au zaidi, na vitatu, kuanzia asilimia 13, ni onyo kwa mtu mwenye mizigo.

Wafaransa waliupokea mapema usafiri wa namna hii, tena wakautetea kwa hoja. Paul de Vivie, aliyezaliwa 1853 na kujulikana zaidi kwa jina la Vélocio, aliishi Saint-Étienne, mji usio mbali na vilima tunavyovisema, na kuanzia 1887 alichapisha jarida ambalo ndani yake aliwahimiza watu wa kawaida wasafiri mwendo mrefu kwa miguu yao wenyewe. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba baiskeli ya milimani yapasa kuwa na gia nyingi, ili mzee na kijana, mwenye nguvu na asiye nazo, kila mmoja apande kwa kadiri yake. Na alisema hivyo katika zama ambazo Henri Desgrange, mkuu wa mashindano ya Tour de France, aliziona gia za kubadilisha kuwa msaada usiomstahili mwanamume imara. Mashindano hayo hayakuziruhusu mpaka 1937, miaka saba baada ya Vélocio kufariki. Leo hapana baiskeli ya safari isiyokuwa nazo, na kila apandaye kilima cha Beaujolais bila ya kushuka na kukokota anafaidi ubishi wa mtu yule.

Sababu ya pili ya utulivu ni reli iliyokufa. Zamani garimoshi lilipita ndani ya Mâconnais, likiviunganisha vijiji ambavyo bonde limeviacha pembeni. Abiria walipopungua, reli iling'olewa, na badala ya ardhi yake kuachwa ivamiwe na miiba, 1997 sehemu ya kutoka Givry mpaka Cluny, kiasi cha kilomita 44, ilifunguliwa kuwa njia ya wapanda baiskeli na watembea kwa miguu, miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina hiyo katika Ufaransa. Garimoshi haliwezi mwinuko mkali, kwa hiyo njia hii hupenya katikati ya vilima ikiwa karibu tambarare, ikapita Buxy na mizabibu yake, Saint-Gengoux na paa zake za vigae, Cormatin penye kasri ya karne ya 17, na chini ya kilima cha Taizé. Stesheni za zamani zingali zimesimama, na jina la kila mahali lingali ukutani. Kusini ya Cluny liko handaki la Bois Clair, lenye urefu wa mita 1,600 na zaidi, ambalo hufungwa wakati wa baridi kwa sababu popo hulala humo, na apitaye majira hayo hana budi kupanda juu ya kilima. Nimependa sana hukumu hiyo. Watu wameikubali taabu kidogo ili viumbe wale wasisumbuliwe, na ubaridi wa handaki katika joto la Julai ni malipo ya kutosha.

Cluny yenyewe yataka siku nzima. Monasteri yake iliasisiwa 910, na kanisa lake la tatu lilikuwa kubwa kupita makanisa yote ya Wakristo mpaka lilipojengwa lile la Mtakatifu Petro huko Roma; baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likauzwa na kubomolewa kwa ajili ya mawe yake, na kilichobaki, ingawa ni kipande, chamfanya mtu ainue shingo na kunyamaza. Watawa wale walikuwa pia wakulima wakubwa wa mizabibu, na desturi nyingi za kilimo hicho katika Burgundy zilihifadhiwa mikononi mwao na mwa wenzao wa Cîteaux.

Kutoka Cluny kwenda kusini njia laini ya reli huachwa, na hapo ndipo safari huanza kumdai mtu nguvu zake. Kwa Pierreclos na Vergisson, barabara nyeupe hupanda mpaka chini ya majabali mawili ya mawe ya chokaa yaliyoinuka ghafla juu ya mizabibu. Moja la majabali hayo, Solutré, lina kimo cha mita 493. Chini yake ilifukuliwa mifupa ya farasi mingi mno, mabaki ya mawindo ya watu wa kale, na jina la mahali hapo limepewa zama nzima ya utengenezaji wa zana za mawe. Rais François Mitterrand alikuwa na ada ya kulipanda kila mwaka katika sikukuu ya Pentekoste. Mizabibu iliyo chini yake ni ya Pouilly-Fuissé, nayo hutoa mvinyo mweupe.

Baada ya hapo ardhi hubadilika, na mpanda baiskeli huyaona mabadiliko hayo kwa macho yake: mawe meupe hutoweka, udongo ukawa wa rangi ya waridi na wenye mchanga wa itale, na mizabibu ikawa mifupi, kila mmoja umekatwa usimame peke yake. Huo ni mzabibu wa Gamay, ambao Mtawala Philippe wa Burgundy aliuharimisha katika nchi yake 1395, akiuona duni; lakini juu ya itale ya Beaujolais ulipata makao yanayoukubali, na majina ya Juliénas, Fleurie, Morgon na Chiroubles yamejulikana kwa ajili yake. Katika uwanja wa Chiroubles iko sanamu ya Victor Pulliat, mtaalamu aliyeshika shauri la kuunganisha mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya Kimarekani, wakati ule wa nusu ya pili ya karne ya 19 ambapo mdudu aitwaye filoksera alikuwa akila mizizi na kuwafukarisha wakulima. Kijiji kilichomjengea mwanazuoni wa mimea sanamu kimeonyesha insafu, nami namsihi msafiri asimame hapo kabla ya kuanza mwinuko mrefu wa kwenda Avenas, ambao huishia juu ya mita 700, mahali ambapo siku ya anga safi Mont Blanc huonekana ng'ambo ya bonde la Saône.

Labda msomaji asiyekunywa mvinyo atauliza nchi hii yamfaa nini. Yamfaa sana. Vélocio mwenyewe aliwausia wasafiri waache mvinyo, nyama na tumbaku walau wakiwa njiani, na sheria ya Ufaransa humhesabu mwendesha baiskeli sawa na mwenye gari: kilevi kikizidi nusu gramu katika lita ya damu, ana kosa. Fahari ya nchi hii ni kazi iliyoipamba, na kazi hiyo hutazamwa bure: ukataji wa matawi katika baridi, uchanuaji wa Juni, na mavuno ya Septemba, ambayo katika vijiji hivi aghalabu hufanywa kwa mikono. Lakini mgeni ajue kwamba shamba ni mahali pa kazi. Aonapo trekta la miguu mirefu likipita juu ya safu za mizabibu na kunyunyiza dawa, asimame mbali, upande unakotoka upepo. Na wakati wa mavuno atoke barabarani kuyapisha magari yaliyobeba zabibu.

Mimi naona Mei na nusu ya kwanza ya Oktoba kuwa majira bora. Maji hupatikana makaburini, maana karibu kila kijiji kimeweka bomba huko kwa ajili ya maua ya marehemu. Chakula ni kazi zaidi, kwa kuwa maduka hufungwa adhuhuri kwa saa mbili, na mengi hayafunguki Jumatatu. Vijiji vingi vidogo vimekwisha kupoteza duka lao la mwisho, na lililobaki huishi kwa wateja wachache. Kwa hiyo, msafiri, usiijaze mikoba yako vitu vya dukani Mâcon kana kwamba unavuka jangwa. Panda ukiwa mwepesi, ununue mkate kwa mwokaji wa kijiji na jibini ya mbuzi kwa mfugaji wake, hata ikiwa bei imezidi kidogo.