Vinara wa Kemia na Baiolojia

Kila mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba duma hukimbia kuliko wanyama wote na nyangumi wa buluu ndiye mkubwa kupita wote. Hao nimewaacha makusudi. Wameshasifiwa vya kutosha, na siku ya mtihani rekodi zao hazikusaidii kitu. Niliowakusanya hapa ni wale ambao ukiuliza "kwa nini yeye?", jibu linakuwa mada nzima ya kidato cha pili au cha tatu. Baadhi wako mbali, ila kadhaa ni majirani zetu.

Bakteria anayeonekana kwa macho

Vitabu vinasema bakteria haonekani bila hadubini. Sentensi hiyo inahitaji nyongeza. Mwaka 2022 jarida la Science lilimtangaza Thiomargarita magnifica, bakteria aliyekutwa kwenye majani ya mikoko yaliyozama na kuoza huko Guadeloupe, eneo la Ufaransa katika bahari ya Karibiani. Ni kama uzi mweupe, seli moja tu, wenye urefu wa takriban sentimita moja. Mrefu zaidi aliyepimwa alifika sentimita mbili.

Kwa nini wenzake wote ni wadogo? Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6, na ujazo wake ni sentimita 1 ya ujazo. Ufanye upande uwe sentimita 2: eneo linakuwa 24, ujazo 8. Uwiano umeshuka kutoka 6 kwa 1 hadi 3 kwa 1. Sasa bakteria hana moyo wala mishipa ya kusambaza chakula. Kila anachohitaji hupenya kwenye utando wa nje na kusambaa chenyewe ndani. Akinenepa, tumbo linakua haraka kuliko mdomo, na sehemu ya katikati ya seli inakufa njaa kabla chakula hakijafika.

Jitu hili la mikokoni limekwepa sheria hiyo kwa ujanja. Karibu robo tatu ya ujazo wake ni vakuoli iliyojaa majimaji, na saitoplazimu imebanwa ikawa tabaka jembamba pembeni, jirani na utando. Kwa hiyo chakula hakina safari ndefu. Kilichowashangaza wanabaiolojia zaidi ni kwamba DNA yake imewekwa ndani ya vifuko vyenye utando, wakati jambo la kwanza tunalofundishwa kuhusu bakteria ni kuwa DNA yao huelea bila kufungiwa popote.

Kiini cha yai la mbuni hutumia ujanja wa jamii hiyohiyo. Nacho ni seli moja, na ndicho hutajwa kuwa seli kubwa kuliko zote miongoni mwa ndege walio hai leo, lakini karibu chote ni akiba ya chakula. Sehemu yenye uhai hasa ni kidoa kidogo juu yake. Kwa binadamu, seli nene kuliko zote ni yai la mwanamke, lenye kipenyo cha kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndefu kuliko zote ni seli ya neva inayotoka chini ya uti wa mgongo hadi kwenye vidole vya mguu: karibu mita nzima kwa mtu mzima. Urefu hauna shida, mradi iwe nyembamba.

Mwenye kasi na mzembe

Jaribio la ini na haidrojeni peroksaidi wengi wamelifanya. Unakata kipande cha ini bichi la ng'ombe, kikubwa kama punje ya harage, unakidondosha kwenye neli ya majaribio yenye peroksaidi. Povu jeupe linapanda papo hapo na lisipoangaliwa linamwagikia mezani. Neli inapata joto mkononi. Kijiti chenye kaa jekundu ukikiingiza mdomoni mwa neli kinawaka tena kwa sababu ya oksijeni. Rudia kwa ini lililochemshwa: kimya. Joto limeharibu umbo la kimeng'enya.

Kimeng'enya hicho ni katalesi, kimojawapo cha vyenye kasi kubwa kuliko vyote vinavyojulikana. Molekuli moja ya katalesi huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde moja. Haraka hiyo ina sababu: peroksaidi ni sumu inayozalishwa ndani ya seli zetu wenyewe kila siku, na ikiachwa inaharibu kila inachogusa.

Upande wa pili yuko mzembe ninayempenda mimi: rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa katika usanisinuru. Kazi hiyo nyeti, ambayo chakula cha dunia karibu chote kinaitegemea, kinaifanya kwa mwendo wa molekuli chache tu kwa sekunde, tatu hadi kumi hivi. Tena hukosea: mara nyingine hunasa oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na mmea unapata hasara. Mimea imeamua kufidia uzembe kwa wingi. Hutengeneza rubisko nyingi mno, kiasi kwamba ndiyo hutajwa kuwa protini iliyo nyingi kuliko zote duniani. Mahindi, mtama na miwa vimekwenda hatua mbele: vina seli maalumu zinazokusanya hewa ya ukaa na kuipeleka pale rubisko ilipo, ili oksijeni isipate nafasi. Ndiyo maana mazao hayo hustahimili jua kali na joto kuliko mpunga au ngano.

Vyuma, na sentensi isiyo kweli Mombasa

Tangsteni inaongoza vyuma vyote kwa kustahimili moto: huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, na ndiyo uzi uliokuwa ukiwaka ndani ya balbu za zamani. Osmiamu ndiyo nzito kuliko zote kwa ujazo uleule. Chupa ya lita moja ingejaa osmiamu ingekuwa na kilo 22 na nusu na zaidi kidogo.

Zebaki inasifiwa kuwa chuma pekee kilicho kimiminika kwenye joto la kawaida. Ni kweli, ikiwa joto la kawaida ni nyuzi 25 za maabara. Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 29.8, na sesiamu chini ya hapo kidogo. Mchana wa mwezi Machi Mombasa au Dar es Salaam, kipande cha galiamu kilichoachwa mezani kingegeuka maji chenyewe. Sesiamu usijaribu: hulipuka ikigusa maji.

Zebaki yenyewe inatuhusu kwa namna isiyopendeza. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita, Chunya hadi Migori, huichanganya na mchanga wa mwamba uliosagwa. Zebaki hung'ang'ania chembe za dhahabu na kufanya donge laini. Donge huchomwa moto, zebaki inageuka mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na mtu anayechoma donge kwenye kikaango jikoni anauvuta yeye na watoto wake. Huharibu mfumo wa neva. Mkataba wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walipooza kwa kula samaki wenye zebaki, ulitungwa kwa ajili ya balaa la aina hii. Kifaa cha kukamata mvuke na kuurudisha kuwa kimiminika kipo na si cha gharama kubwa. Kinatumia kanuni ileile ya ukenekaji iliyomo kwenye daftari la kemia.

Kwa baridi, mshindi ni heliamu. Huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwa kanieneo ya kawaida ya hewa haigandi hata uipoze vipi. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba chini ya Bonde la Rukwa kuna gesi hiyo, nayo ni adimu, na mashine za MRI za hospitali huitegemea.

Florini na meno ya Arusha

Elementi yenye uchu wa elektroni kuliko zote ni florini. Inaunguza karibu kila kitu, na wanakemia kadhaa walijeruhiwa au kufa wakijaribu kuitenga. Mfaransa Henri Moissan ndiye aliyefaulu, mwaka 1886, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1906.

Ikishapata elektroni yake hutulia na kuitwa floridi. Floridi kidogo huimarisha enameli ya jino, ambayo nayo ina rekodi yake: ndiyo ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Floridi ikizidi, jino linalokua hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru na kwingine katika Bonde la Ufa yanavuka kikomo hicho kwa mbali, na wenyeji wanatambuana kwa meno.

Dawa yake ni kemia safi. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, maji huchujwa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa makaa. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya jamii moja ya kalsiamu na fosfeti, ambayo hupenda floridi. Floridi inanaswa kwenye mfupa wa ng'ombe kabla haijalifikia jino la mtoto.

Maji yanayopanda mita 81

Mti mrefu kuliko yote Afrika unaojulikana ni mkukusu uliopimwa kwenye bonde moja la Mlima Kilimanjaro na kutangazwa mwaka 2016: mita 81.5. Wa dunia nzima ni mmoja aina ya redwood wa California, jina lake Hyperion, wenye kama mita 116.

Pampu ya kuvuta maji, hata iwe imara vipi, haivuti zaidi ya mita 10 hivi, kwa kuwa kinachoyasukuma ni uzito wa hewa ya nje. Basi mkukusu unawezaje? Jani linapotoa mvuke, molekuli za maji zinazoondoka zinazivuta zenzake zilizo nyuma, maana molekuli za maji hushikana. Mnyororo huo unashuka bila kukatika ndani ya zailemu hadi mzizini. Ila una kikomo: watafiti waliokwea miti ya California na kupima walikadiria kuwa mti hauwezi kupita mita 122 hadi 130, kwa sababu juu zaidi ya hapo majani yangekaa na kiu hata ardhi iwe imelowa.

Lengai, Natron na samaki wa Magadi

Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava ya kabonati. Lava za volkano nyingine nyingi hujaa silika na hutoka na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Hii ya Lengai ni sodiamu na potasiamu kabonati kwa wingi, hutoka na nyuzi 500 hadi 600, nyeusi, nyepesi kama mafuta ya mashine. Ndiyo lava baridi kuliko zote. Ikinyonya unyevu wa hewa huanza kugeuka nyeupe kabla siku hazijawa nyingi.

Magadi ya jamii hiyohiyo yanajaza Ziwa Natron, mahali pakuu pa kuzaliana kwa flamingo wadogo duniani, na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Maji ya huko yana pH ya kama 10. Weka kidole chenye mchubuko utajua.

Humo Magadi, kwenye chemchemi zinazovuka nyuzi 40, anaishi samaki mdogo wa ukoo wa perege, Alcolapia grahami. Samaki wengi wenye mifupa hutoa taka za nitrojeni kama amonia, inayotoka yenyewe kupitia matamvua na kuyeyuka majini. Njia hiyo inahitaji maji yenye ioni za haidrojeni za kuikamata amonia ikishatoka. Kwenye pH 10 ioni hizo ni chache mno, amonia inakataa kutoka, na samaki wa kawaida angekufa kwa sumu yake mwenyewe. Huyu anaigeuza yote kuwa urea, kama tufanyavyo sisi, na jambo hilo liliripotiwa mwaka 1989. Kutengeneza urea hula nishati, na mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa kasi yake ya kutumia oksijeni ndiyo kubwa kuliko ya samaki yeyote aliyewahi kupimwa, sawa na ya mnyama anyonyeshaye wa ukubwa wake.

Taji nampa huyu. Samaki anayetosha kiganjani amebeba joto, pH, vimeng'enya, upumuaji na utoaji taka kwa mkupuo mmoja, na mwalimu wa Kajiado anaweza kuwapeleka wanafunzi wakamtazame. Lakini ukikutana na swali la mtihani linalouliza samaki wa maji baridi hutoa taka gani ya nitrojeni, andika amonia.