C+ Mbili Tofauti

Vijana wawili wa Mkomani wanavuka daraja la Nyali kwenda Tudor, kuanza mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wote walipata C+ ya Hisabati katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mmoja ni hodari wa jometri, lakini aljebra imempiga chenga tangu kidato cha pili. Mwenzake ni kinyume chake. Karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu, zimezaa herufi moja. KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, inaitumia kugawa nafasi, na hapo inafaa. Mhadhiri wa kalkulasi haimsaidii kujua nani arudishwe nyuma, na mpaka wapi.

Mtihani unaojirekebisha hulenga pengo hilo. Mwaka 1985, Jean-Paul Doignon na Jean-Claude Falmagne walieleza kwa hesabu jambo ambalo kila mwalimu hulijua: mada hutegemeana. Asiyeweza kujumlisha sehemu atakwama kwenye milinganyo yenye sehemu, kwa hiyo jibu moja hufichua hali ya mada nyingi. Programu ya ALEKS, iliyozaliwa kutokana na wazo hilo na kutumiwa na vyuo vingi Marekani, huuliza maswali yasiyozidi 30. Kila swali linalofuata huchaguliwa kulingana na majibu yaliyotangulia. Jibu huandikwa, halichaguliwi kati ya A na D, na anayekwama huruhusiwa kusema hajui.

Kisha huja kazi yenyewe: mazoezi ya mada zile tu ambazo mwanafunzi amepwaya, halafu mtihani tena. Bila hatua hii, chuo kitakuwa kimenunua herufi nyingine kwa bei ghali. Na mtihani ukifanyiwa nyumbani bila msimamizi, huenda chuo kikampima binamu aliyesomea uhandisi.

Kenya haianzi mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Maseno kimekuwa kikitumia STACK tangu 2019, programu huria iliyoasisiwa na Chris Sangwin wa Uingereza. Si mtihani wa kupanga wanafunzi, ila kila mmoja hupewa namba zake (kunakili kwa jirani hakufui dafu) na husahihishiwa papo hapo, hata darasa likiwa na mamia.

Haja ya mtihani wa kupanga itaongezeka. Januari 2026 darasa la kwanza la Gredi ya 10 la mtaala mpya liliingia sekondari ya juu: wa sayansi husoma hisabati kamili, wengine hisabati ya msingi. Ratiba ikishikwa, wataanza kubisha vyuoni 2029, kila kundi na hisabati yake.