Mombasa Iliyoko Angani

Mombasa tuijuayo sote ni mji wa kisiwani, wenye bandari na ngome ya kale. Lakini iko Mombasa ya pili, isiyofikiwa kwa jahazi wala kwa gari la moshi, nayo ni sayari ndogo izungukayo jua kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mushtari. Twapenda kuwaeleza wasikilizaji jinsi ilivyoonekana, na jinsi ilivyopata jina hilo.

Katika ukanda huo mna sayari ndogo nyingi mno. Ya kwanza ilionwa tarehe 1 Januari 1801 na Giuseppe Piazzi, mjini Palermo katika kisiwa cha Sicily, naye akaiita Ceres. Aliiangalia mpaka tarehe 11 Februari; kisha ikapotea katika mwanga wa jua, wala hapakuwa na mtu aliyejua itatokea wapi. Ndipo Carl Friedrich Gauss, kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 24, alipoipiga hesabu njia yake, na mwaka ulipokuwa ukiisha ikaonekana tena karibu na pale alipopaonyesha. Basi kukiona kitu cha mbinguni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuijua njia yake.

Mombasa ilionwa tarehe 5 Julai 1937 na Cyril Jackson, katika Union Observatory ya Johannesburg, Afrika ya Kusini. Siku zile watafutaji walipiga picha sehemu moja ya mbingu zaidi ya mara moja, juu ya vioo vilivyopakwa dawa, kisha wakavilinganisha. Nyota hukaa mahali pake. Kilichohama si nyota.

Hata hivyo jina halikutolewa siku ile. Kwanza sayari ilipewa alama ya muda, 1937 NO. Herufi N yaonyesha nusu ya kwanza ya Julai, na O yaonyesha kuwa ni ya kumi na nne katika nusu mwezi ile, maana herufi I haihesabiwi. Njia yake ilipothibitika, ikapata namba yake ya daima, 1428. Na kwa kawaida jina hufuata namba, wala haliitangulii.

Jackson, aliyegundua sayari ndogo 72, alipenda majina ya Afrika. Kenya ni namba 1278, Uganda ni 1279, Ruvuma ni 1427, na Pemba, iliyoonwa Julai ile ile ya 1937, ni 1429.

Mombasa ya angani ina upana wa maili 35 hivi, kadiri ya njia itokayo mjini Mombasa mpaka Kilifi. Ni nyeusi kama makaa, haionekani kwa macho matupu, na hulizunguka jua mara moja kwa miaka karibu mitano.

Pengine msikilizaji atauliza, Je, hesabu zote hizi zina faida gani? Twamjibu kwamba mtazamaji wa nchi yo yote aweza kuambiwa usiku gani aelekeze darubini yake wapi, naye ataiona. Ceres ilikaribia kupotea kwa kukosa hesabu. Mombasa haipotei, maana njia yake imekwisha kuandikwa.