Chubwi la Mshipi: Risasi Isiyeyushwe Jikoni
Mvuvi wa mshipi, awe wa Kizingitini au Shela, anajua kuwa chubwi jepesi halifiki chini. Ndiyo maana risasi hupendwa: ni nzito, tena huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la makaa hulifikia. Betri kuukuu, sufuria na kalibu ya mchanga, kazi imekwisha.

Hatari iko hapo hapo. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini, na mtoto ndiye hudhurika zaidi, ubongo wake ukiwa bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Isitoshe, kalibu yenye unyevu hurusha risasi ya moto usoni.

Saruji ni salama zaidi. Kata kipande cha paipu ya plastiki, kipake mafuta ndani, kisimamishe juu ya ubao, mimina saruji na mchanga, kisha chomeka kitanzi cha waya. Kiache siku kadhaa kikiwa na unyevu. Ila saruji hupoteza karibu nusu ya uzito wake majini, kwa hiyo chubwi liwe kubwa. Penye mkondo mkali, kama Mkanda, nati za chuma zilizofungwa pamoja hufaa zaidi, ingawa hushika kutu.

Anayeendelea na risasi aiyeyushie nje, mbali na watoto, kwa chombo kisichorudi jikoni. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.