"Nesi, Kuogopa ni Dhambi?"

Jioni moja, baada ya Rozari ya jumuiya, mama mmoja alinivuta kando hadi chini ya mwembe. Alisubiri wenzake wapite, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Nesi, mwanangu, kuogopa ni dhambi?"

Nilidhani anataka habari za ndoto mbaya au uchawi. Kumbe alikuwa na uvimbe kwenye titi tangu kabla ya Kwaresima. Hakumwambia mumewe, hakumwambia binti yake, wala hakwenda zahanati. Kila usiku alisali uvimbe uondoke, na kila asubuhi aliugusa akaukuta bado upo. Sasa alikuwa na mizigo miwili: uvimbe wenyewe, na wazo kwamba hofu yake ndiyo inayomzuia Mungu asimponye.

Ndugu msomaji, mama huyu hayuko peke yake. Wako wanaume wanaokohoa mwezi wa pili na hawataki kupima makohozi. Wako vijana wanaopita mbele ya chumba cha kupimia virusi vya UKIMWI kila siku bila kugeuza shingo. Ukiwauliza watakwambia hawana nafasi, au nauli. Wengine ni kweli hawana. Lakini wengi wanaogopa, na kwa kuwa ni Wakristo wanaona haya kusema hivyo.

Hofu inavyofanya kazi mwilini

Tuanze na mwili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ukimwona nyoka njiani, ubongo hutoa amri na tezi hizo humwaga kichocheo katika damu. Papo hapo moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, kinywa kinakauka, jasho linatoka, na miguu inapata nguvu ya kuruka. Haya yote hutokea kabla hujafikiri lolote. Ni ulinzi tulioumbwa nao, na asiyeogopa nyoka huko porini Sikonge hatadumu sana.

Nyoka akishapita, mwili hutulia. Shida ni nyoka asiyepita. Mtu mwenye uvimbe anaouficha, au anayesubiri majibu ya kipimo, au aliyeuguza mtoto mwaka mzima, mwili wake hukaa macho usiku na mchana. Usingizi unakatika, chakula hakina ladha, tumbo linasokota, kichwa kinauma, na presha inaweza kupanda. Wengine huja zahanati kila wiki wakidai wana malaria, na kipimo hakionyeshi kitu. Hawadanganyi. Wanaumwa kweli, ila kinachowaumiza hakionekani kwenye kioo cha darubini.

Kwa hiyo kuogopa si dhambi, kama vile kutoka jasho si dhambi. Tena tunaye shahidi mkubwa kuliko nesi. Katika bustani ya Getsemane Bwana wetu alishikwa na huzuni na hofu, akaomba kikombe kile kiondolewe. Luka, ambaye mapokeo yanasema alikuwa tabibu, ndiye anayetaja lile jasho lililokuwa kama matone ya damu. Liko jambo jingine hapo ambalo naona tunalipita haraka: Yesu aliwaomba wenzake wakae wakeshe naye. Walilala, ndiyo, lakini aliwaomba. Hakutaka kuibeba saa ile peke yake. Mama yangu wa chini ya mwembe alikuwa ameibeba peke yake miezi mitatu.

Njia iliyopita hapa kwetu

Sisi wa Tabora tunaishi juu ya njia ambayo hofu imepita sana. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe baada ya miezi mitatu hivi ya kutembea, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji, Karema au Nyanza. Wapagazi wa Kinyamwezi waliifuata njia hiyo kwa hiari, wakitafuta ujira. Watumwa waliifuata wakiwa wamefungwa shingo. Hata jina la Bagamoyo lina ubishi: wengine husema ni mpagazi aliyefika pwani akabwaga moyo kwa furaha ya kutua mzigo, wengine husema ni mtumwa aliyeubwaga kwa kukata tamaa.

Wote hao waliogopa homa. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, uliondoka Bagamoyo. Mkuu mmojawapo, Padre Pascal, alifariki kwa homa njiani mwezi wa Agosti, kabla ya kuiona Tabora. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba malaria huletwa na mbu; jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Kadhalika hawakujua kwa nini mtu aliyelala kwenye vibanda vya kambi za njiani huamka mzima, kisha baada ya siku kadhaa akashikwa na homa inayokwenda na kurudi. Robert Koch alipofika nchini mwaka 1905 aliwachunguza papasi waliojificha kwenye vumbi la sakafu za kambi hizo, akawakuta na vijidudu vya ugonjwa huo. Wenyeji walikuwa wanawalaumu papasi siku nyingi.

Sasa, katika njia hiyo alipita mtu mmoja ambaye ningependa kila familia ya Magharibi imjue: Adrian Atiman, tabibu na katekista wa Karema.

Atiman alizaliwa miaka ya 1860 mbali sana na sisi, kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akatengwa na wazazi wake, akauzwa na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko wamisionari walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwapeleka vijana Waafrika waliokombolewa katika kisiwa cha Malta wasomee utabibu, kisha warudi Afrika kuwatibu wenzao na kuwafundisha dini. Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1888 aliingia Afrika Mashariki kupitia Unguja. Hebu mzazi mwenzangu fikiri kidogo. Kijana huyu alikuwa amekokotwa jangwani utotoni na wafanyabiashara ya watu. Sasa ametiwa katika msafara mwingine, katika nchi ambayo biashara hiyo hiyo ilikuwa bado inaendelea, mwaka ule ule ambao pwani iliwaka vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Akatembea hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika, akafika Karema mwanzoni mwa mwaka 1889.

Hakuondoka tena. Alioa hapo hapo, akapata mtoto, Joseph, ambaye alipewa upadre mwaka 1923. Aliwatibu watu wa Karema na vijiji vya kando ya ziwa kwa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, na masimulizi hayo yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Sitasema kwamba Atiman alikuwa haogopi. Sikuwamo moyoni mwake. Ninachokiona ni kazi yake. Alikuwa na sanduku la dawa na alikuwa na katekisimu, na kwa miaka 67 hakuna kimojawapo alichokiacha nyumbani ili kukipa kingine heshima. Alipomfikia mgonjwa, alimsafisha kidonda na pia alisali naye. Wala hakuona kwamba kutumia kisu na dawa ni kumdharau Mungu aliyemtoa utumwani.

Dawa na sala

Nasema hivi kwa sababu maalumu. Katika miaka ya karibuni nimewaona wagonjwa wanaoacha vidonge baada ya kuombewa. Mwenye kifua kikuu anajisikia vizuri mwezi wa pili, anaambiwa kwamba kuendelea na dawa ni kukosa imani, anaziacha. Vijidudu vilivyobaki vinajifunza kuishinda dawa, na anaporudi ana kifua kikuu sugu, ambacho ni kigumu zaidi kukitibu, na huenda amekwisha kuwaambukiza watoto. Dawa za kawaida za kifua kikuu humezwa miezi sita na hutolewa bure. Za kupunguza makali ya UKIMWI nazo hutolewa bure, na ni za maisha yote. Mwaka 2011 tuliona foleni ya magari ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wapo waliotoka vitandani hospitalini kwenda huko, wakafia barabarani.

Biblia yetu ya Kikatoliki inacho kitabu cha Yoshua bin Sira. Kisome mlango wa 38 nyumbani jioni hii, usinitegemee mimi. Utakuta kwamba tabibu ametoka kwa Mungu, kwamba dawa Mungu ameziumba kutoka katika ardhi, na kwamba mgonjwa anatakiwa asali na pia ampe tabibu nafasi. Livingstone, aliyeishi Kwihara hapa jirani mwaka 1872, alikuwa mtu wa sala kila siku. Lakini sanduku lake la dawa lilipoibwa safarini mwaka 1867, aliandika katika daftari lake kwamba aliona kama amekwisha kuhukumiwa kifo. Hakuna anayesema alikosa imani.

Mama yule nilimweleza hivi: uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini hakuna ajuaye kwa kuugusa tu, hata nesi. Ukiwa saratani, ukiwahiwa matumaini ni makubwa kuliko ukicheleweshwa. Sikumwahidi kwamba ataambiwa si kitu. Alilia kidogo. Nikamshauri avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole zaidi kwa mdomo, mara kumi hivi. Hii huutuliza moyo unaokimbia, na anayetaka anaweza kulitaja jina la Yesu kila anapotoa pumzi. Kisha tukaenda pamoja kumwambia binti yake.

Mkiwa na mgonjwa mwenye hofu, msikimbilie kumwambia "usiogope." Neno hilo mara nyingi linamfunga mdomo. Muulizeni anaogopa nini hasa. Mara nyingine si kifo. Ni maumivu, au ni nani atalipa ada ya mtoto, au ni mume ataoa mwingine. Yako yanayoweza kutengenezwa siku hiyo hiyo. Na mkiona mtu hajalala wala kula vizuri kwa wiki mbili, haoni raha kwa lolote, au anasema afadhali afe, mpelekeni zahanati upesi bila kumwacha peke yake, kama mnavyompeleka mwenye homa kali. Huo nao ni ugonjwa na una tiba.

Padre si mbeba sanda

Bado familia nyingi zinachelewa kumwita padre kwa kuogopa kumtisha mgonjwa. Padre akionekana na mafuta, majirani wanaanza kutafuta majembe. Zamani sakramenti hiyo iliitwa Mpako wa Mwisho, ndiyo asili ya hofu hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963 ulisema wazi kwamba si ya wanaokata roho tu, na ibada yake mpya ilitolewa mwaka 1972. Inamhusu kila Mkristo anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa mkubwa au uzee, na anayekwenda kupasuliwa kwa ajili ya ugonjwa mkubwa. Akipona akaugua tena, hupewa tena. Mtume Yakobo katika barua yake aliagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa. Hakusema wasubiri mpaka asiweze kuongea. Katika parokia nyingi mpako hutolewa pia Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1993.

Mama yetu alipimwa Jumatatu iliyofuata na akaandikiwa barua ya kwenda Bugando, Mwanza. Majibu ya huko bado hayajaja. Kabla ya kupanda basi aliomba mpako, na jumuiya ilikuja nyumbani kwake. Mumewe alishika mshumaa.

Wanaotaka kuandaa nyumba kwa ajili ya mpako: wekeni meza ndogo yenye kitambaa safi, msalaba, mshumaa na maji ya baraka. Zimeni redio. Mgonjwa akitaka kuungama, tokeni nje hadi mtakapoitwa. Na kama ana shida ya kumeza, mwambieni padre mapema ili ampe kipande kidogo sana cha Ekaristi, na kikombe cha maji kiwe karibu.